Mfa Maji Hapigi Kelele: Mwongozo Kamili wa Mwokoaji Ziwani na Bwawani

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa kazi yetu ya uokoaji methali hiyo ina hatari yake, kwa sababu wengi wanaokaa ufuoni wanangoja kuona huko kutapatapa: mikono ikipunga, maji yakirushwa, sauti ikiita. Anayezama kweli mara nyingi hafanyi lolote kati ya hayo. Wahenga hao hao walituachia nyingine inayoelekeza vizuri zaidi: mfa maji hukamata maji.

Niliiona kwa macho yangu Jumapili moja mchana kwenye bwawa la hoteli moja hapa Kisumu. Nilikuwa nimekwenda kula samaki, si kazini. Mtoto wa kike wa miaka kama saba alikuwa majini, hatua nne hivi kutoka kiti cha shangazi yake. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, mara unazama mara unatokeza. Nywele zilikuwa zimemfunika macho na hakuziondoa. Mikono aliitandaza pembeni akiyakandamiza maji, kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Hakulia, hakuita. Shangazi alimtazama, akatabasamu, akarudi kwenye simu yake. Mlinzi wa bwawa alikuwa ametumwa kupeleka soda mezani. Nilipiga magoti ukingoni, nikamshika kwapani, nikamtoa. Sikulowa kupita kiwiko.

Siku ile ndiyo inayonifanya niwafundishe vijana wa ufuoni jinsi ninavyowafundisha. Kazi hii kwanza ni macho, kisha ni kamba na fimbo. Kuogelea kumfuata mtu ni hatua ya mwisho kabisa. Mwongozo huu ni kwa kijana anayetaka kulinda bwawa la hoteli au la shule, Kisumu, Nakuru au Kakamega, na pia kwa nahodha wa boti, mwanakamati wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na yeyote anayekaa kando ya ziwa akiwa na watoto wa watu mbele yake.

Kabla hujavaa filimbi shingoni

Jipime bila kujionea huruma. Kozi ya walinzi wa mabwawa ya Uingereza haimpokei mtu kabla hajaweza mambo haya: kuruka kwenye kina kirefu, kuogelea mita 50 ndani ya sekunde 60, kuogelea mita 100 mfululizo kwa tumbo na mita 100 kwa mgongo, kukaa wima majini sekunde 30 bila kushika kitu, kuzamia hadi sakafuni, na kutoka bwawani bila ngazi. Hicho ni kipimo cha kuingilia kozi tu. Atakayefanya kazi ziwani aongeze yake: aogelee akiwa na suruali na shati, aogelee penye wimbi, ambebe mtu mzima wa uzito wake mita 25, na azamie mita 2 au 3 alete tofali la kilo 4 au 5 juu. Tofali linafundisha jambo ambalo kuogelea kwa kasi hakufundishi, yaani namna pumzi inavyokwisha upesi mikono ikiwa na mzigo.

Pata cheti cha huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha, na St John Ambulance pia. Cheti kikiwekwa fremu ukutani na mikono isifanye mazoezi, baada ya miezi michache mikono imesahau. Sisi hurudia kukandamiza kifua mara moja kila mwezi, juu ya mchanga, kwa kutumia mto uliojazwa matambara.

Angalia pia afya yako. Ikiwa una kifafa, usiichukue zamu ya kuingia majini. Zipo kazi nyingine nyingi za uokoaji nchi kavu. Na kama unafanyia mazoezi ziwani, nenda ukapimwe kichocho mara kwa mara. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kando kando yenye majani, na hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Dawa yake, prazikuanteli, inafahamika vizuri hospitalini.

Yajue maji yako

Ziwa Victoria si bwawa kubwa. Asubuhi mapema upepo hutoka nchi kavu na maji huwa shwari. Ardhi ikishika joto, upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani, na ndani ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, mawimbi huinuka alasiri. Mvuvi yeyote wa ufuo wa Dunga atakwambia hivyo bila kutazama simu. Basi masomo ya kuogelea na mazoezi ya wanaoanza yawe ya asubuhi. Ukisikia radi, toa watu wote majini, na usiwarudishe mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo la pili ni rangi. Kuna siku maji ya ghuba yetu yanafanana na chai ya maziwa; unazamisha mkono hadi kiwiko na vidole huvioni. Kwenye maji kama hayo, mtu akishapita chini ya uso wa maji umempoteza, hata akiwa mita moja kutoka ulipo. Mlinzi wa bwawa safi anaweza kumwona mtu sakafuni. Wewe wa ziwani unazo sekunde zile tu ambazo kichwa bado kipo juu.

Gugu maji nalo husafiri na upepo. Asubuhi gati ni jeupe, mchana limefunikwa zulia la kijani. Mtu akinaswa chini yake hapati upenyo wa kutokea, na miguu ya mwokoaji hujifunga kwenye mizizi. Usiogelee kulikata. Tumia mtumbwi na upondo. Chini ya majani hayo pia hujificha nyoka, na pembeni yake viboko hupenda kujipumzisha. Hippo Point ya hapa Kisumu inaitwa hivyo kwa sababu viboko wapo, na jua likianza kutua hutoka kwenda malishoni. Kuogelea kuishe kabla ya hapo.

Halafu kuna ardhi iliyozama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, likameza nyua, mashamba na vyoo vya kando. Maji yaliporudi nyuma hayakurudi yote, na hata pale yaliporudi yaliacha mashimo, nguzo na seng'enge. Kabla ya kuruhusu mtu kuoga mahali papya, ingieni wawili na fimbo ndefu, mkiwa mmevaa jaketi la kuokolea maisha na mmeshika kamba, mpime chini hatua kwa hatua. Weka mpaka kwa jerikeni tupu zilizofungwa kwenye mawe, pale maji yanapofika kifuani mwa mtu wa kimo cha wastani. Mtoto abaki pale yanapofika kiunoni mwake.

Mito kama Nzoia na Nyando ina hila nyingine, ambayo ni mkondo. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mashimo ya wachimba mchanga na ya wafyatua matofali, yakijaa mvua, yana kingo zilizosimama wima na zinazoteleza. Mtoto huingia kwa hatua moja na kutoka hawezi. Kama kijiji chenu kina shimo la namna hiyo, zungusheni ua wa miiba na muache upondo mrefu hapo daima.

Kwa bwawa la kuogelea sheria ni fupi. Simama ukingoni penye kina kirefu utazame mfuniko wa kutolea maji chini kabisa. Usipouona waziwazi, bwawa halifunguliwi siku hiyo, hata kama basi la wageni limeshafika.

Vifaa, na jerikeni ya lita tano

Filimbi, boya la duara, boya refu la kuvutia lenye mkanda wa begani, kamba ya kurusha, upondo wa mita 3 au zaidi, sanduku la huduma ya kwanza, ubao wa kubebea aliyeumia mgongo, na simu yenye chaji. Nambari ziandikwe ukutani kwa rangi: 999 au 112 ya polisi na dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu, ya hospitali iliyo karibu, na ya boti ya karibu yenye injini.

Boya la dukani ni ghali, na fukwe nyingi hazina hata moja. Jerikeni ya lita 5 ya mafuta ya kupikia inafanya kazi ileile. Ioshe, mimina kikombe kimoja cha maji ndani, kaza kifuniko, kisha funga kwenye mkono wake kamba ya mita 15 hadi 20. Kile kikombe cha maji ndicho siri yake. Jerikeni tupu kabisa hupeperushwa na upepo ikaanguka pembeni, bali yenye uzito kidogo huruka pale unapoitupa na bado inaelea vizuri. Kamba iwe ya plastiki inayoelea. Ya katani hunywa maji, ikawa nzito, ikazama. Mwisho wa kamba upande wako piga fundo kubwa ulikanyage kwa mguu. Usijifunge mkononi wala kiunoni, maana atakayekuvuta anaweza kukuzidi nguvu.

Fanya mazoezi. Weka kofia juu ya maji mita 10 mbele, urushe mpaka jerikeni ipite juu ya kofia mara nane kati ya kumi. Siku mbili zinatosha kumfikisha kijana hapo.

Namna ya kutazama

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kuna mwogeleaji aliyechoka. Huyo bado anaweza kukuita, kupunga mkono, kushika kamba. Kuna anayezama, kimya kama nilivyoeleza. Kuna aliyezimia, amelala kifudifudi au yuko chini. Francesco Pia, aliyekuwa mwokoaji kwenye ufuo wa Orchard Beach mjini New York, alirekodi kwa kamera watu wakizama na kuokolewa. Alionyesha kwamba anayezama hukaa wima, miguu haipigi, mikono inakandamiza maji pembeni, na mdomo hautoki juu muda wa kutosha kuvuta pumzi na kuita. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 kabla hajazama. Mtoto mdogo huwahi zaidi. Sekunde 20 ni muda wa kufungua soda na kumrudishia mteja chenji.

Kwa hiyo walinzi wengi hujiwekea kipimo hiki: sekunde 10 kuyapitia maji yote uliyopewa na kumtambua aliye taabani, kisha sekunde 20 kumfikia. Gawa eneo lako hivyo. Kama macho yako hayawezi kulimaliza kwa sekunde 10, eneo ni kubwa mno, omba mwenzako. Anza na maji yaliyo chini ya miguu yako, kwa sababu hayo ndiyo husahaulika. Pitia sakafu, katikati, juu. Hesabu vichwa. Walikuwa kumi na wanne, sasa ni kumi na watatu. Huyo mmoja yuko wapi? Usitulie mpaka umpate, hata kama ni kwenye kibanda cha mandazi.

Tafuta dalili hizi: kichwa kilicholala nyuma na mdomo wazi, macho yaliyo kama kioo, hayatazami popote, nywele usoni zisizoondolewa, mtu anayejaribu kugeuka chali na hawezi, anayeogelea na hasogei. Na zaidi ya yote, mtoto aliyenyamaza ghafla. Watoto majini ni kelele. Ukiwa na shaka uliza kwa sauti, "Uko sawa?" Akijibu, vema. Asipojibu, anza kwenda.

Wapo wa kuwaangalia mara mbili: mtoto ambaye mkubwa wake hayuko karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, aliyekunywa pombe, aliyekuja kutoka bara ambako hakuna ziwa na anaona haya kusema hajui kuogelea, mwenye kifafa, kijana anayeosha pikipiki akiwa ndani hadi kifuani, na wale wanaoshindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Shindano hilo lipigwe marufuku moja kwa moja. Anayevuta pumzi nyingi za haraka kisha akazamia anaweza kuzimia bila dalili yoyote, na wenzake wanaendelea kuhesabu wakidhani anashinda.

Badilishaneni zamu kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu macho huchoka kabla ya miguu. Simu iwe kwenye sanduku. Usitumwe. Mwajiri akikutuma kupeleka vinywaji, mwambie kwa heshima kwamba ukiondoka, bwawa linafungwa kwanza. Nimeona vijana wakiogopa kusema hivyo wasifukuzwe kazi. Naelewa hofu hiyo, lakini msimamo wangu haubadiliki.

Filimbi itumike kwa utaratibu mmoja unaojulikana na wote. Sisi tunapiga mara moja kumwonya mwogeleaji, mara mbili kumwita mwokoaji mwenzako, mara tatu "nakwenda kuokoa," na mlio mmoja mrefu kutoa watu wote majini.

Na ulimi uwe mzuri. Ukimpigia mtu mzima kelele mbele ya watoto wake, atakaa hapohapo kwa ubishi. Msogelee: "Mzee wangu, samahani, upande ule kuna shimo." "Mama, naomba mtoto awe pale mkono wako unapomfikia." Watu wa hapa wakiambiwa sababu, husogea.

Kuokoa: hatua tano, kwa mpangilio huu

Ya kwanza ni sauti. Piga filimbi mara tatu, nyosha kidole kumwonyesha aliye taabani, na umteue mtu mmoja kwa nguo yake: "Wewe wa shati la njano, usimwondolee macho." Mwingine apige simu. Aliyechoka mwelekeze: "Lala chali! Tazama juu! Piga miguu polepole!" Ziwa letu si la baridi kali, na mtu akilala chali, masikio ndani ya maji, anaweza kuelea muda wa kutosha. Wengi nimewaona wakitoka kwa maneno hayo tu.

Ya pili ni kumfikia kwa kitu. Upondo, kasia, tawi, leso mbili zilizofungwa pamoja, mkanda, shuka. Lala kifudifudi ukingoni kwanza, mguu mmoja umejikita au mtu amekushika vifundo. Anayesimama akainama huvutwa ndani. Mwambie ashike, kisha mvute taratibu.

Ya tatu ni kurusha. Mwite kwanza ageuke akuone. Rusha ipite juu ya bega lake ianguke nyuma yake, ili unapovuta kamba imgonge mkononi. Ukiilenga usoni mwake itaanguka mbele, na anayezama hawezi kusogea hata nusu mita kuifuata. Upepo ukitoka kushoto, lenga kushoto zaidi. Akishika, chuchumaa au keti chini ndipo uvute, mkono kwa mkono. Ukikosa, usikunje kamba upya kwa unadhifu. Ivute haraka, chota maji kidogo ndani ya mtungi kama umekuwa mwepesi, rusha tena.

Kumbuka kwamba anayezama kabisa huenda asiweze kushika chochote, hata kikiwa mbele ya uso wake. Ukiona hivyo, usipoteze muda kurusha mara ya tano. Nenda hatua inayofuata.

Ya nne ni chombo. Mtumbwi, boti, hata ubao. Wanaokwenda wavae jaketi. Zima injini kabla ya kumkaribia, kwa sababu panga la injini halichagui. Mpe kitu ashike, kisha mpandishe kwa upande wa tezi au omo. Ukimvuta kwa ubavuni mtumbwi mwembamba utapinduka, na sasa mna watu wanne majini badala ya mmoja. Akiwa na nguvu za kushika tu, mwache ashike ukingo mmburute hadi maji mafupi.

Ya tano ni kuingia mwenyewe, na hii ni kwa aliyefunzwa na mwenye boya mkononi. Kama chini hupajui, ingia kwa miguu, usipige mbizi kwa kichwa. Ogelea kichwa kikiwa juu, usimpoteze. Simama mita 2 au 3 kabla ya kumfikia, msukumie boya, mwambie alikumbatie, ndipo umvute kwa mkanda. Ikibidi kumshika, zunguka umjie kwa nyuma, pitisha mikono chini ya kwapa zake, boya likiwa katikati ya kifua chako na mgongo wake.

Akikukamata je? Methali ya mfa maji hukamata maji haikukosea. Atapanda juu yako kama mtu apandaye mti, awe kaka yako au mke wako, wala hatakuwa na kosa. Usishindane naye juu. Vuta pumzi, bana kidevu kifuani, shuka chini. Yeye anataka hewa, na ukienda chini atakuachia. Sukuma viwiko vyake kwenda juu, jitoe, tokea mbali naye, anza upya. Zoezi hili lifanyeni kila wiki kwenye maji mafupi, kwa zamu, mpaka mwili ulijue bila kufikiri. Mara nyingi tumewasikia watu waliokufa wawili wawili, ndugu akimfuata ndugu, na sababu ni hapa hapa.

Mtoni, usijitose mbele ya mtu anayebebwa. Kimbia ukingoni hadi chini ya mkondo, umrushie kamba akiwa anakuja. Wewe ukichukuliwa, lala chali, miguu ikitangulia, ukate mkondo kwa mshazari kuelekea ukingo.

Akitoka hapumui

Anayekufa maji anakosa hewa, kwa hiyo dawa ya kwanza ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise begani. Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, tazama kifua na usikilize kwa sekunde zisizozidi 10. Kukoroma au kuvuta hewa mara moja baada ya muda mrefu si kupumua.

Bana pua, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie pumzi 5 kifua kikipanda kila mara. Mafunzo ya Marekani huanza na pumzi 2, ya Ulaya 5. Fuata ulilofundishwa, ila pumzi zitangulie. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kama theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto. Halafu pumzi 2. Endelea 30 kwa 2 bila kusimama. Ukiwa peke yako, fanya hivyo dakika moja kisha piga simu, urudi. Mkiwa wengi, badilishaneni anayekandamiza kila dakika 2.

Povu likitoka puani na mdomoni, usipoteze muda kulifuta, linaendelea kutoka. Pulizia hivyo hivyo. Akitapika, na wengi hutapika, mgeuze upande mzima mzima, safisha mdomo kwa kidole na kitambaa, mrudishe chali, endelea.

Sasa neno kuhusu umati. Siku moja tulimtoa kijana ufuoni na watu wakaanza kumnyanyua miguu juu kichwa chini. Mzee mmoja mvuvi, mtu ninayemheshimu, aliniambia, "Mwanangu, mtoe maji tumboni kwanza."

Nikamjibu, "Mzee wangu, maji ya tumboni hayamwui. Kinachomwua ni kukosa pumzi. Nisaidie, nishikie kichwa chake hivi, kidevu juu."

Akapiga magoti akakishika, mikono yake mikavu ya nyavu haitetemeki hata kidogo, na alipoanza yeye, umati wote ukanyamaza ukarudi nyuma. Kukamua tumbo hurudisha matapishi mapafuni, na kila sekunde ya kumning'iniza mtu ni sekunde bila hewa. Lakini usimfukuze mzee. Mpe kazi. Yule kijana alikohoa baada ya dakika chache, tukamlaza ubavu, tukamfunika leso, akapelekwa hospitali.

Na kila aliyevuta maji mapafuni aende hospitali, hata akiamka anacheka na kuomba chai. Mapafu yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokwisha, kupumua haraka, usingizi usio wa kawaida: hizo ni dalili za kurudi kwa daktari usiku uleule.

Aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi akagonga kichwa ni wa kushikwa kwa uangalifu wa pekee. Usimvute kwa mkono mmoja. Mgeuze chali majini huku kichwa, shingo na mgongo vikienda kama gogo moja, mikono yake miwili imeinuliwa kubana kichwa pande zote. Subirini ubao mkiwa ndani ya maji kama anapumua na maji ni shwari. Asipopumua, mtoeni, pumzi hutangulia shingo.

Akizama mbele ya macho yenu

Yule wa shati la njano sasa ndiye muhimu. Asisogee hapo alipo. Achague kitu kilicho upande wa pili mstari mmoja na mahali alipomwona mara ya mwisho, mti, mnara au paa, na mwingine aliyesimama mbali naye afanye vivyo hivyo. Pale mistari miwili inapokutana ndipo pa kuanzia. Wavuvi hupata nyavu zao kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo waite wakusaidie.

Kwenye maji yasiyopita kifuani, watu wazima washikane mikono mstari mmoja, watembee taratibu wakiburuta miguu chini. Kwenye kina zaidi ni kazi ya wazamiaji na mitumbwi, na Walinzi wa Pwani wa Kenya wajulishwe, kwani jukumu lao ni pamoja na maziwa. Usiruhusu vijana wenye uchungu kujitupa kila upande.

Boti na jaketi

Jaketi livaliwe kabla ya kupanda, mikanda yote imefungwa. Kipimo ni kumnyanyua mtu kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake, na majini litamvuka. Usilikalie wala kulifanya mto. Sponji hukandamizwa ikaacha kuelea.

Boti ikipinduka, bakini nayo. Mitumbwi yetu ya mbao huelea hata ikiwa imejaa maji, na kichwa kimoja ni vigumu kuonekana ziwani kuliko mtumbwi. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Idadi ya abiria ni jambo lisilo na mjadala. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji, sisi huwaalika watoto wa shule ufuoni kuwafundisha kulala chali na kurusha jerikeni.

Baada ya tukio

Andika siku hiyo hiyo: saa ngapi, mahali gani, nani aliona, dakika ngapi majini, pumzi zilianza lini. Daktari atayahitaji, na wewe utayahitaji kujua mlipochelewa. Usiseme na waandishi wala usipige picha za aliyezama. Mama yake asizione kwenye simu ya jirani.

Mwokoaji aliyempoteza mtu asirudishwe zamuni siku ile. Akae na mwenzake, ale, azungumze, na usingizi ukimpotea kwa siku nyingi apelekwe kwa mshauri. Mimi nilinyamaza na wa kwangu wa kwanza karibu mwaka mzima, na haikunisaidia.

Kisha rudini kwenye vifaa. Kamba yenye mchanga ioshwe, ianikwe kivulini, na ikikauka ishindiliwe mfukoni kuanzia mwisho wenye fundo, bila kuizungusha, ili itoke bila kujifunga. Kaza kifuniko cha jerikeni, tikisa usikie kikombe cha maji bado kimo ndani. Itundike pale pale kwenye msumari wake, hesabu vichwa vilivyo majini, piga filimbi mara mbili umwambie mwenzako uko tayari.